Likizo ya familia kwenye meli ya kitalii ya Karibea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa familia zetu zinazoishi Marekani na zinazofikiria kupanda meli ya kitalii kwenda visiwa vya Karibea kutoka Miami, Fort Lauderdale, Port Canaveral au Galveston. Kabla ya yote, ombi moja: chagueni meli kwa kumtazama mtoto mdogo kuliko wote na mzee kuliko wote katika msafara wenu. Hao wawili wakistarehe, wa katikati watajipanga wenyewe. Familia nyingi huchagua kwa kutazama kisiwa au picha ya mtelezo wa maji, kisha bibi anakaa chumbani siku saba na mtoto wa miaka miwili haruhusiwi kuingia bwawani.

Je, meli inatufaa sisi wenye watoto, au ni starehe ya wazee na maharusi?

Inafaa sana, hasa kwa familia ya vizazi vitatu. Katika likizo zetu nyingi mama huhama tu jiko: mnakodi nyumba Florida, halafu yeye ndiye anayekaanga mayai ya asubuhi na kuosha masufuria ya usiku. Kwenye meli hapiki wala hatandiki, na masanduku mnayafungua mara moja tu hata kama mtapita nchi tatu. Watoto kuanzia miaka mitatu wana klabu yao yenye walezi, mchana bila malipo, mradi wamekwisha kuacha nepi. Vijana wa sekondari wana ukumbi wao. Babu akitaka kukaa na kutazama bahari, anakaa. Hakuna anayemsubiri ndani ya gari.

Asiyefaa kupanda ni anayetaka kuijua nchi. Saa saba za kukaa Cozumel hazimwonyeshi mtu Meksiko.

Bei tuliyoiona kwenye tangazo ndiyo tutakayolipa?

Hapana. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja, na kwa kawaida ni chumba cha ndani kisicho na dirisha. Tangu Julai 2024, California ilipoanza kutumia sheria ya kutangaza bei kamili, kampuni kubwa zimekuwa zikijumlisha kodi na ada za bandari kwenye bei ya kwanza, na hilo limesaidia. Lakini bakshishi ya wafanyakazi bado iko nje. Ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na baadhi ya kampuni humtoza hata mtoto mchanga. Pigeni hesabu: watu watano, siku saba, dola 18 kila mmoja, tayari ni dola 630. Msizikate fedha hizo. Wanaozipokea ni watu wanaofanya kazi miezi mingi mfululizo mbali na watoto wao, wengi kutoka Ufilipino, India na Indonesia, na sisi wa ughaibuni tunaelewa vizuri maana ya pesa ya kutuma nyumbani.

Yanayofuata ni nauli ya ndege au maegesho ya gari bandarini, ambayo kwa juma zima huzidi dola 100, hoteli ya usiku mmoja kabla ya kuondoka, intaneti, na matembezi ya nchi kavu. Maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi ni bure. Soda hulipiwa kwenye meli nyingi.

Kuna mahali fedha huvuja bila kelele: kadi ya chumba. Kila mtoto hupewa yake, na kadi hiyo hufungua mlango na pia hununua vitu. Siku ya kwanza nendeni mapokezi mwombe kadi za watoto zifungwe zisinunue chochote. Mashine za michezo zinaweza kumla kijana wa miaka kumi dola 80 kabla ya chakula cha jioni.

Unafuu upo pia. Mtu wa tatu na wa nne katika chumba kimoja hulipa kidogo kuliko wawili wa kwanza. Mzazi mmoja anayesafiri na mtoto mmoja hapati unafuu huo. Atalipa nauli mbili kamili, na ni vyema alijue hilo mapema.

Sisi ni saba. Tutalala wapi?

Vyumba vingi huishia watu wanne: vitanda viwili chini, viwili vinavyoshushwa kutoka ukutani au darini. Familia ya watoto watano haiingii humo, hata mkisema watoto watabanana, kwa sababu idadi ya watu katika kila chumba imefungwa na nafasi za boti za kuokolea. Ombeni vyumba viwili vyenye mlango wa katikati. Vikikosekana, chukueni viwili vinavyotazamana kwenye korido: cha ndani kwa watoto wakubwa, chenye roshani kwa wazazi na wadogo. Kampuni nyingi hutaka kila chumba kiandikishwe mtu mzima wa miaka 21 au zaidi, kwa hiyo kwenye karatasi baba ataandikwa huku na mama kule. Mkishapanda, ombeni mapokezi funguo za ziada na mlale mnavyotaka.

Vyumba hivi vya milango ya katikati ni vichache na huisha miezi mingi kabla. Kwa familia kubwa, kuwahi kuna faida kuliko kusubiri punguzo.

Tunahitaji karatasi gani?

Hapa ndipo safari nyingi za watu wetu huvunjikia, wakati mwingine bandarini, masanduku yakiwa yameshachukuliwa.

Raia wa Marekani anayeondoka na kurudi katika bandari ileile ya Marekani anaweza, kwa sheria za Marekani, kutumia cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha cha serikali. Mtoto aliye chini ya miaka 16 hutumia cheti cha kuzaliwa peke yake. Hata hivyo, wachukulieni watoto pasipoti. Mtoto akivunjika mguu kisiwani na mkalazimika kurudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakitampandisha ndege. Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe na pasipoti ya nchi yake ambayo haijaisha muda.

Aliyekuja kwa viza, kama mama mkwe aliyefika kutazama wajukuu, afungue ukurasa wa viza na kutafuta sehemu iliyoandikwa idadi ya kuingia (Entries). Ikiwa ni herufi M, anaweza kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ni namba 1, ameshaitumia siku aliyotua, na akitoka kwenda Bahamas hana viza ya kurudia. Meli haitampandisha. Na hata mwenye M aangalie tarehe ya mwisho ya viza na masharti ya kila nchi ambayo meli itatia nanga.

Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, na ambao bado hawana uraia, wazungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Mkimbizi huhitaji hati maalumu ya kusafiria iliyoombwa kabla ya kutoka Marekani, na si kila kisiwa kinaikubali. Msimsikilize anayesema “mimi nilipita tu.”

Watu huuliza kama safari fupi ya siku tatu haihesabiwi. Inahesabiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote hizi zina bendera za Bahamas, Panama, Malta na kadhalika. Ndiyo maana hata ya siku tatu hupita nchi nyingine, mara nyingi Nassau huko Bahamas. Kwa familia yenye mtu ambaye hati zake hazimruhusu kutoka, kuna Pride of America, meli yenye bendera ya Marekani inayozunguka visiwa vya Hawaii kwa juma zima kutoka Honolulu bila kutoka nje ya nchi. Nauli ya ndege hadi Hawaii ni kubwa, lakini bibi atarudi nyumbani.

Jina langu la mwisho si la mwanangu. Kuna shida?

Inaweza kuwepo, na kwetu ni jambo la kila siku: mama ana jina la baba yake, mtoto ana la baba yake, babu ana lingine kabisa. Ofisa anayetazama pasipoti hizo haoni uhusiano wowote. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha majina ya wazazi wote wawili. Mzazi anayesafiri bila mwenzake, au shangazi anayewapeleka wapwa, awe na barua ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji (notary), ikitaja meli, tarehe na bandari.

Mama anatoka Mwanza. Tangu MV Bukoba hataki kusikia habari ya meli. Nimwambieje?

Hofu hiyo ina haki yake, na naomba asichekwe. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na kuna kaya ambazo hazijapata kuwa zile za zamani tangu siku hiyo. Spice Islander ikafuata Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, kisha MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018. Zote tatu zilibeba watu kupita uwezo wake.

Jambo la kumweleza ni lile linalojibu hofu yake hasa. Kwenye meli hizi hakuna anayerukia dakika ya mwisho. Kila anayepanda anapigwa picha, kadi yake inasomwa mlangoni, na nahodha anajua idadi ya watu hadi mtu mmoja. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic, unataka boti za kuokolea na mashua za kujazwa hewa zenye nafasi kwa kila aliyemo, na ziada juu yake. Meli za kisasa nazo zimewahi kupata ajali. Costa Concordia iligonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 wakafa, na baadhi ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hawakuwa wamefanya zoezi la dharura. Baada ya hapo kanuni ilikazwa: zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Lakini mzee hatulizwi kwa maelezo peke yake. Mkishapanda, mpelekeni mama hadi kituo chenu cha dharura. Mwonyesheni mahali pa kusimama, na boti zenyewe zinavyoning'inia pembeni, kubwa, za rangi ya chungwa au njano, zenye paa. Mwambieni king'ora ni milio mifupi saba na mmoja mrefu. Watoto wadogo huvalishwa mkanda wa mkononi wenye namba ya kituo chao; mwonyesheni mkanda huo. Kama baada ya yote bado hataki, basi hataki. Pangeni likizo nyingine pamoja naye, msimwache peke yake nyumbani huku mkisema mlijaribu kumshawishi.

Watoto wanaweza kuanguka baharini?

Kwa matembezi ya kawaida, hapana. Kuta na vyuma vya pembeni humzidi mtoto kifua. Hatari huja pale mtu mzima anapomnyanyua. Juni 2025, meli ikirudi Fort Lauderdale kutoka Bahamas, mtoto wa miaka mitano alikuwa ameketi kwenye ukingo wa dirisha ili apigwe picha, akaanguka. Baba yake akajitosa nyuma yake na kumshika juu ya maji mpaka boti ya meli ikawafikia. Wote wawili waliokolewa, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo.

Kwa hiyo: hakuna picha za kukaa ukingoni, hata za sekunde mbili. Kwenye roshani, viti na meza vikae mbali na vyuma. Mlango wa roshani una kitasa cha juu ambacho mtoto mdogo hakifikii. Fungeni kila mara, pamoja na mchana.

Bwawa lanitia hofu kuliko bahari. Si kila kampuni inaweka waokoaji kwenye mabwawa, na penye waokoaji pia mzazi hapumziki. Nendeni na majaketi ya watoto ya kuelea. Mtoto wa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa makubwa hata akiwa na nepi ya kuogelea. Ana sehemu yake ya maji ya kurusha, na baadhi ya meli hazina kabisa sehemu hiyo. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mtoto mchanga na mjamzito je?

Kampuni nyingi hupokea watoto kuanzia miezi 6, na miezi 12 kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini. Mjamzito atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla safari haijaisha hapandi. Hesabuni kwa siku ya kurudi.

Tutachafukwa na bahari?

Aliyepanda boti ya Zanzibar wakati wa kusi asitishike. Meli hizi ni kubwa mno na zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba. Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Hata hivyo bahari ni bahari. Chagueni chumba cha katikati ya meli, deki za chini. Tangawizi husaidia wengi. Dawa hunywewa kabla ya kichefuchefu kuanza, na ya mtoto muulizeni daktari wake. Kibandiko cha nyuma ya sikio wanachotumia watu wazima si cha watoto.

Chakula cha halali kinapatikana? Na sala?

Kinapatikana kwa kuombwa. Andikeni kwenye fomu ya mahitaji maalumu wiki kadhaa kabla, kisha jioni ya kwanza mzungumze na mkuu wa ukumbi wa chakula, ambaye atawaonyesha menyu ya kesho yake. Bila kuomba, nyama ya bufee ichukuliwe kuwa si halali, na nguruwe huwa karibu na mayai kila asubuhi. Samaki na vyakula vya Kihindi vya mboga huwa vingi, tena vina viungo vya kweli, kwa kuwa wapishi wengi wanatoka huko.

Kwa kibla, televisheni ya chumbani ina chaneli inayoonyesha ramani na upande meli inakoelekea. Katika maji ya Florida na Bahamas, kibla ni kaskazini-mashariki. Mazulia ya kusalia bebeni yenu. Mavazi ya kuogelea yenye kusitiri mwili, yaliyoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea, hukubalika. Usiku wa kuvaa rasmi, kanzu na kofia, gauni la kitenge au dera zuri vinatosha bila suti ya kukodi.

Meli ikituacha?

Itawaacha. Machi 2024 abiria wanane, pamoja na wazee, walichelewa matembezini São Tomé, kisiwa cha pwani ya magharibi ya Afrika. Meli ikaendelea na safari, nao wakaikimbiza kwa ndege na barabara hadi Senegali. Walikuwa wamekodi matembezi nje ya meli. Ukienda na matembezi ya meli yenyewe, yakichelewa itawasubiri au itagharamia kuwafikisha bandari inayofuata.

Wengi huponzwa na simu. Cozumel haibadili saa mwaka mzima, ila Miami hubadili. Kati ya Machi na Novemba, meli iliyobaki na saa ya Miami iko mbele ya Cozumel kwa saa moja: simu inasema saa tisa alasiri, kwenye meli ni saa kumi na ngazi inakaribia kuondolewa. Mpeni mtu mmoja, babu akipenda, saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, na huyo ndiye aseme “twendeni.”

Mwenye mzazi anayetumia kiti cha magurudumu aulize pia ni bandari zipi meli haifiki gatini. Grand Cayman, kwa mfano, watu hushushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka kidogo kiti hakishuki.

Mtu akiugua?

Zahanati ipo, na hulipiwa papo hapo kwenye hesabu ya chumba. Bima nyingi za Marekani, na Medicare kwa sehemu kubwa, hazilipi nje ya nchi. Kateni bima ya safari inayotaja kuhamishwa mgonjwa, na mzazi aliyekuja kutembea akatiwe inayokubali umri wake. Dawa za presha na sukari zikae mkobani mwake, zisiwekwe kwenye sanduku linalochukuliwa bandarini, maana sanduku hufika chumbani jioni.

Ugonjwa unaosikika sana ni wa kutapika na kuhara unaoletwa na norovirasi. Jeli ya mikono haiuui vizuri. Sabuni na maji, kabla ya kila mlo, kwa kila mtoto. Mtoto akitapika toeni taarifa; kuficha ndiko kunakowaambukiza wengine. Alama za ukaguzi wa usafi wa kila meli hutangazwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na meli yenye 85 au chini ya hapo imefeli.

Tuende mwezi gani?

Msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, mkali zaidi Agosti hadi Oktoba. Nahodha hukikwepa kimbunga, lakini mtafika kisiwa kingine, au hamtafika popote. Bei za chini kabisa ni za Septemba na za Januari baada ya shule kufunguliwa. Za juu ni za Krismasi na likizo ya Machi. Kwa watoto ambao hawajaanza shule, Januari na mapema Februari ni pazuri.

Tubebe nini, tuache nini?

Kuta za vyumba ni za chuma, kwa hiyo sumaku chache za kutundikia kofia na ratiba zitawafaa kuliko mnavyodhani. Taa ndogo ya usiku kwa ajili ya chumba cha ndani, ambacho giza lake ni totoro. Losheni ya jua, na watoto weusi nao wapakwe. Pasi, birika la umeme, mishumaa na udi hunyang'anywa mlangoni. Vilevile maandazi na sambusa za nyumbani. Vyakula vilivyofungwa kiwandani hupita. Tunda la meli lisishuke nalo mtu nchi kavu.

Intaneti na simu?

Wekeni simu zote kwenye hali ya ndege kabla meli haijaacha bandari, pamoja na ya bibi, maana mtandao wa simu wa baharini hutoza bei ya kutisha. Nunueni kifurushi kimoja cha waifai kabla ya safari, wakati bei ni nafuu, na mkipokezane.

Wazazi wako Dar au Mombasa. Hawawezi kupanda huko?

Meli kubwa hupita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, lakini huleta wageni waliopanda kwingine. Karibu zaidi ni Durban, ambako kampuni ya MSC imekuwa ikiondoka majira ya joto ya kusini, takriban Novemba hadi Aprili, kwenda pwani ya Msumbiji; ulizeni kwanza kama msimu ujao upo. Kwa wazee wasio na viza ya Marekani, na kwa ninyi mlio tayari kuruka hadi Afrika Kusini kukutana nao, huo ni mpango wa kukaa na kuupigia hesabu mapema, kwa sababu wiki za Desemba hujaa upesi.